Salimia Mota Kabla ya Kuipa Umeme

Lete mkono, mwanangu. Si mkono mzima, vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Shika hii shafti ya mota, fumba macho, izungushe polepole, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala ili asiamke. Usiniambie unaona nini. Niambie vidole vinakuambia nini.

Sisi watu wa atelie, karakana ya mgodi, tuliita hiyo kusalimia mota. Mota haipewi umeme kabla ya kusalimiwa. Wewe mwenyewe, mtu akikurukia asubuhi na kukuamuru ukimbie hata kabla hajasema jambo, utamwonaje? Nimesalimia mota miaka mingi kiasi kwamba vidole hivi viwili vinastahili pensheni yao peke yao. Na waya wa shaba niliozungushia mota hapa Kolwezi, ukiunyoosha wote, utaizunguka dunia mara tatu na kipande kitabaki cha kuanikia nguo. Anayebisha aende akapime.

Mtaani wananiita Tata Bobine, yaani baba wa koili za waya, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hiyo: mota ikiungua, tunaitoa matumbo ya zamani, tunaisafisha, tunaizungushia waya mpya. Mota za pampu, mota za mikanda inayobeba mawe, nyingine kubwa kama kanisa dogo. Diploma niliipata kwenye kozi za jioni, nikiwa tayari na mvi, nikikaa benchi moja na vijana waliodhani mimi ndiye mwalimu. Sikuwakatalia. Basi ninyi mnaosoma leo kozi hizo hizo, mnaofungua pikipiki za umeme na pampu za jua, kaeni kidogo. Nina habari ya mota moja ndogo, haikuzidi sufuria ya bukari, ugali wetu, ya watu wawili, lakini iliniangusha mieleka kuliko mota zote za mgodi zikijumlishwa.

Ilikuwa mota ya cherehani ya mke wangu.

Mke wangu ni Mama Ngalula. Watu wake ni wa Kasai. Babu yake aliletwa huku na kazi ya mgodi, akabaki, akazaa, akazikwa. Ngalula ni fundi wa nguo. Cherehani yake ni ya zamani, ya chuma cheusi, ya kukanyaga kwa miguu. Nikirudi kutoka zamu ya asubuhi nilikuwa najilaza kwenye kiti cha mkeka, na sauti ile ya pedali, kra-ta-ta, kra-ta-ta, ikichanganyika na jua la alasiri lililoingia kwenye pazia, ikanipeleka mbali. Sijui kama mnaelewa. Kuna nyumba zinapumua kwa watoto, nyingine kwa redio. Yetu ilipumua kwa cherehani.

Halafu siku moja ya mvua, kule mtaa wa Manika, taxi-moto, pikipiki ya abiria, ikateleza kwenye dimbwi na Ngalula akiwa nyuma. Goti la kulia. Daktari akamwambia atatembea, ila kukanyaga pedali basi. Alirudi nyumbani na mkongojo, akaketi mbele ya cherehani, akaiwekea mkono juu. Ukimya ulioingia nyumbani siku zile, mi nawaambia, nilisikia vumbi likitua kwenye kabati.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake.

Korali ya parokia ilikuwa imempa Ngalula kazi kabla ya ajali: kanzu thelathini za Pentekoste, kila moja na kola ya mviringo yenye mistari miwili ya uzi mwekundu. Jumapili moja baada ya misa, Mama Charlotte, kiongozi wa korali, mama mwenye sauti inayoweza kusimamisha lori la Fungurume likiwa kwenye mteremko, akatukuta uwanjani.

"Mama Ngalula, ile goti itaweza kweli?"

"Goti haina neno," nikadakia kabla mke wangu hajafungua kinywa. "Nitatia mota. Mi, mutu wa bamota ya pampu, nishindwe na mashini ya nguo? Pentekoste ikifika, korali itavaa mupaka mitume batasikia wivu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ngalula akanitazama kwa upole, upole ule mbaya.

"Tata," akasema, "nani alikuuliza weye?"

Mota niliipata Manika, kwa wauza vyuma. Mwuzaji mwenyewe hakujua ilitoka kwenye mashine gani. Ilikuwa mota ya sumaku, na hapa lazima niwaeleze kitu, kwa sababu ndicho kilichonimeza. Mota nyingi nilizozungushia waya mgodini hazina sumaku ya kudumu ndani. Ukizikatia umeme zinalala kabisa. Unazizungusha kwa mkono zinakwenda laini, hazikumbuki chochote. Hii ya sumaku inalala macho wazi. Umeme uwepo usiwepo, zile sumaku kwenye rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, zinaendelea kukitamani chuma cha meno yanayozizunguka, yale yanayofungiwa waya. Zinavuta hata usingizini.

Mi sikujua hilo, kwa sababu sikuisalimia. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Niliifunga moja kwa moja kwenye shafti ya cherehani, nyuma ya gurudumu la mkono, nikaunganisha kisanduku cha kuongoza kasi, nikaweka pedali ndogo kwa mguu wa kushoto wa Ngalula, ule mzima. Nikamwita Mama Charlotte aje aone. Alikuja na waimbaji wawili, wa sauti ya tatu, watu wazito.

Mshono wa kwanza ulikuwa wa moja kwa moja, wa ubavuni. Ngalula akakanyaga. Cherehani ikaruka kama pepo mwema! Mita nzima kwa pumzi moja. Makofi. Nikainama kama padri mpya.

"Sasa kola," akasema Ngalula.

Kola ni kona, wanangu. Kona unaiendea polepole, tundu kwa tundu, ukigeuza kitambaa kwa vidole. Ngalula akagusa pedali kidogo. Sindano haikwenda. Akaongeza kidogo. Sindano ikaruka, tuk! ikasimama. Tuk! ikasimama. Kila mara inaganda, kisha inachupa na kwenda kudunga pale isipotakiwa. Akishikilia kitambaa, mshono unarundikana. Akiachia, unakimbilia nje. Alipomaliza, akanyanyua kile kitu, tukakitazama wote.

Mama Charlotte akavaa miwani. "Tata Bobine," akasema, "hii ni kola ao ni ramani ya muto Lualaba?"

"Mota ingali mupya, mama. Haiyazoea."

"Pentekoste nayo haizoeake kungoja." Wale wa sauti ya tatu wakageukia ukuta, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Kisha Mama Charlotte akashusha sauti, na hapo nikaogopa, kwa sababu mama yule akishusha sauti mambo ni ya kweli. "Mama Ngalula, weye ni fundi yetu. Lakini korali haiwezi kuingia na kitambaa mikononi. Nakupa juma mbili. Kama kola haziko, tutapeleka kwa fundi wa Fungurume."

Walipoondoka, Ngalula akachukua kitambaa cheupe kilichobaki, akakitandaza juu ya cherehani, akakivuta pembe zote nne zikalingana.

"Kama kanzu zinaenda," akasema, "mashini nayo iende. Tutauzisha. Siwezi kukaa nayo ndani ya nyumba sawa maiti."

Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya mdomo wangu. Na mchana ule nilijilaza kwenye kiti changu cha mkeka, sikupata usingizi. Hakukuwa na cha kunipeleka.

Sasa sikilizeni makosa, maana diploma inafundisha yaliyo sahihi, na makosa hakuna anayekupa ila mzee.

Kosa la kwanza, nikadhani ni msuguano. Nikafungua mota, nikabadilisha roulement zote mbili, zile pete za chuma zenye gololi, nikapaka grisi nyingi kiasi cha kukaangia samaki wa ziwa Nzilo wote. Nikafunga. Tuk, tuk, vilevile, ila sasa kwa unyevu.

Kosa la pili ni la mtu wa mgodi hasa. Sisi tulilelewa hivi: kitu hakitaki kwenda? Ongeza nguvu. Mwamba mgumu, ongeza baruti. Pampu imechoka kwenye tope, leta pampu kubwa. Nikasema hii mota ni dhaifu kwa mwendo wa polepole, inahitaji sumaku kali zaidi. Nikarudi Manika, nikapata sumaku nene, za kutisha, zilinishika pete ya ndoa njia nzima. Nikazibandika. Nikaketi mwenyewe, nikaondoa kile kitambaa, nikakanyaga kwa upole wa malaika.

Rota ikang'ang'ania. Nikaongeza. Ikafyatuka. Sindano ikavunjika, ncha yake ikaruka, ikapita sikioni kwangu, ikaenda kutoboa picha yetu ya harusi ukutani. Ikaingia kwenye paji la uso wangu, katikati. Ngalula pembeni yangu pichani hakuguswa hata shela.

Akatoka jikoni na mkongojo wake. Akaitazama picha. "Hata sindano inajua," akasema, akarudi jikoni.

Hapo ndipo nikamkumbuka Tata Kalenga.

Tata Kalenga alikuwa shefu, yaani msimamizi wangu wa kwanza atelieni. Mfupi, sauti ndogo, chai yake aliinywa kwenye kikombe cha bati ambacho hakuna aliyethubutu kukiosha. Alikuwa anapita nyuma yako bila viatu kusikika na kuuliza swali moja tu: "Umeisalimia?" Siku moja, nikiwa kijana mwenye haraka, nikaipa umeme mota ya pampu niliyoishughulikia juma zima. Sikuisalimia. Ndani nilikuwa nimesahau kibao changu cha kugongea waya. Vidole viwili vingeniambia. Mota ikakitafuna kibao, kibao kikachana waya, juma zima likatoka kwa moshi. Tata Kalenga hakupiga kelele. Aliniambia nizunguke atelie yote, nisalimie kila mota kwa vidole, na kwa mdomo pia, kwa sauti. "Jambo, mama. Umeamkaje, mama." Wenzangu wameacha kazi wanatazama. Mpaka ile feni ya ofisini kwake. "Hiyo nayo ina wazazi," akasema.

Basi nikang'oa zile sumaku za kutisha, nikarudisha za zamani, nikaketi na mota mapajani, umeme mbali kabisa. Nikafumba macho. Jambo, mama.

Nikageuza. Laini, laini, kisha kitu kikanishika. Nikasukuma, kikaniachia, na hapo hapo kingine kikanivuta mbele kwa furaha. Kushikwa, kuachiwa, kuvutwa. Nikaweka alama ya chaki, nikahesabu mzunguko mmoja kamili: mara ishirini na nne. Nikarudia, ishirini na nne. Nikafungua macho, nikahesabu meno: kumi na mawili. Sumaku: nane. Na mwalimu wetu wa kozi za jioni, yule aliyekuwa anasinzia katikati ya sentensi na kuamka kwenye sentensi nyingine, akaninong'oneza kutoka mbali: kigawe kidogo cha shirika. Namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kumi na mbili na pia kwa nane. Ishirini na nne! Wanangu, nilikaa darasani nikidhani hesabu ile imetungwa kututesa tu.

Fikirieni soko la Manika. Njia ya mviringo, vibanda kumi na viwili vimeizunguka. Wapita njia wanane wanatembea kwa mpangilio, wameshikana mikono. Kila kibanda kina mama anayevuta: "Tata, kuya huku! Mama, angalia hii!" Anayekikaribia kibanda anavutwa mbele, anayekiacha anavutwa nyuma. Sasa ikitokea wanne wanafika mbele ya vibanda kwa dakika ile ile, wote wanavutwa pamoja, na mstari mzima unasimama. Ndiyo ile tuk. Ukikimbia, mwendo unakupitisha, huoni hata kibanda. Ndiyo maana mshono wa moja kwa moja ulitupumbaza. Ukitembea polepole, utakamatwa kila mahali.

Na nikaelewa uzito wa dhambi yangu ya pili. Kuongeza sumaku kali ni kuwaongezea wale mama wa soko sauti.

Nilipima pia. Hamna chombo? Chukueni rula ya mbao, ifungeni kwenye shafti ilale mlalo, ning'inizeni mwishoni kifuniko cha kopo la maziwa. Tieni misumari mmoja mmoja mpaka shafti iachie na kuruka. Msisahau kuondoa uzito wa rula yenyewe, wekeni kitu cha kuisawazisha upande wa pili. Mota yangu ilibeba misumari kumi na minane kabla ya kuachia. Nikaandika ukutani kwa chaki: 18. Kujua ugonjwa nilikuwa nimeujua. Dawa sikuwa nayo, na juma moja lilikuwa limekwisha.

Alasiri ile nilisinzia hatimaye. Nikaota niko kwenye lile shimo kubwa la mgodi, lile lenye ngazi za majitu zinazoshuka mpaka rangi ya udongo inakuwa kijani. Nashuka ngazi moja moja, kila ngazi inaniumiza goti, la kulia. Ngalula yuko chini kabisa, ameketi mbele ya kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Na pembeni yangu malori yanateremka kimya, hayarukii ngazi, yanafuata njia iliyolala mshazari kuzunguka shimo, polepole, kama yameelea. Dereva mmoja akaninyooshea mkono, akanipungia. Nikaamka na jasho. Sikuelewa kitu. Nilifikiri ni zile dagaa nilizokula mchana.

Kuamka, nikasikia mkasi.

Ngalula alikuwa ameketi mezani anakata utepe wa kola. Kushona hakuweza, lakini kukata aliweza, na mikono yake haikujua kukaa bure. Nikatazama, bado na usingizi machoni. Alikuwa haufuati uzi wa kitambaa. Alikikata kipande kutoka pembe hadi pembe.

"Mama, kitambaa kinapotea hivyo. Sababu gani haukatake moja kwa moja?"

"Tata, miaka yote unalala karibu na mashini yangu, haujaona?" Akashika utepe uliokatwa moja kwa moja, akauzungusha kwenye ngumi yake. Ukakunjamana, ukafanya makunyanzi. Akachukua ule wa mshazari, akauzungusha. Ukakaa, umelala kama ngozi. "Ya moja kwa moja, nyuzi zote zinakataa mara moja. Ya mushazari, uzi moja inakataa, ingine inakubali. Njo inazunguka kona bila kelele."

Nikasimama wima.

Kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuyasikia maneno yale. Miaka ya nyuma kabisa, nilimwuliza Tata Kalenga kwa nini zile fito za chuma ndani ya rota za mota zetu zimelazwa mshazari, kama msuko uliosukwa na mtu amekasirika. Akanywa chai yake. Akasema: "Zikisimama wima, zinafika mlangoni pamoja. Zikilala, zinaingia moja moja." Nikadhani ni yale majibu ya wazee ya kumalizia chai. Niliyaweka mfukoni, nikayasahau humo, nikazungusha waya wa kuzunguka dunia mara tatu bila kuyatoa.

Rota ya sumaku ilitaka dawa ile ile. Ila sumaku huwezi kuipinda, itavunjika. Unafanya ngazi ndogo. Nikanunua sumaku fupi ishirini na nne, za nguvu ya kawaida, si kama zile za kutisha, ili mahali pa sumaku moja ndefu nipange tatu, mstari juu ya mstari, kila mstari umesogea kidogo mbele ya mwenzake. Kidogo kiasi gani? Mishtuko ishirini na minne katika mzunguko wa nyuzi mia tatu na sitini: kila mmoja nyuzi kumi na tano. Gawa kwa mistari mitatu: nyuzi tano. Mstari wa kwanza unapovutwa mbele, wa pili na wa tatu wanavutwa nyuma. Wanaondoleana madeni.

Sasa kuweka alama ya nyuzi tano kwenye kirota cha ukubwa ule, kwa macho haya! Nilijaribu na bikari ya mtoto wa shule, nikajaribu na chaki, nikamtukana aliyevumbua mviringo. Ngalula akanivumilia kama dakika kumi.

"Unatafuta nini?"

"Kugawanya duara mara sabini na mbili."

Akacheka, cheko la kwanza tangu ile ramani ya Lualaba. "Ni marinda tu hayo!" Akakata ukanda wa karatasi, akauzungushia rota ukakutana sawasawa, akaulaza mezani. Akaukunja katikati, tena katikati, tena katikati: nane. Kisha kila kimoja akakikunja mara tatu, na tena mara tatu, kwa ukucha. Alipoukunjua ulikuwa sketi ya mtoto wa kike, marinda sabini na mawili sawasawa. Tukaubandika kwenye rota. Mstari wa kwanza wa sumaku kwenye rinda la kwanza, wa pili kwenye la pili, wa tatu kwenye la tatu. Namna hiyo tu. Miaka yangu ya shule ilipokutana na ukucha wake, shule ilikaa chini.

Kubandika kulikuwa vita. Sumaku za upande mmoja zinachukiana, zinasukumana kama mashemeji kwenye picha ya familia. Gundi ya mirija miwili, kibanio, dua. Moja ikanitoroka, ikaruka, ikajibandika kwenye mkasi wa Ngalula, pa! Nikanyoosha mkono. Akauficha mkasi nyuma ya mgongo.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nilijua. Nikatazama zile alama za chaki ukutani, nikatazama ile picha na tundu lake.

"Nilijibu mahali pako," nikasema. "Pale uwanjani. Goti ni yako, kazi ni yako, mi nikajibu."

Akanipa sumaku.

Mwisho akaizungushia rota uzi imara, uzi kwa uzi, bila nafasi, tukapaka vanishi, ili mota ikikimbia sumaku zisitupwe nje. Nimeona wazungushaji wa waya wengi. Sijaona mkono sawa kama ule.

Kwenye rula ya mbao, kabla haijaachia, ilibeba misumari miwili. Miwili, kutoka kumi na minane! Kwa marafiki huwa nasema nusu msumari, lakini ninyi ni wanafunzi, nawapa ya kweli. Na ya kweli nyingine: nguvu yake ilipungua kidogo. Usingizi mzuri haupatikani bure. Anayelaza mistari anapoteza kidogo cha mvuto mzuri pamoja na ule mbaya, na akizidisha, mota inakuwa laini lakini goigoi. Leo mnaweza kuchagua mota ya meno kumi na mawili na sumaku kumi. Fanyeni ile hesabu, mishtuko inakuwa sitini, na kila mmoja mdogo kama kwikwi ya kifaranga. Mi sikuwa na la kuchagua. Nilikuwa na siku nne.

Nilipoifunga kwenye cherehani, nilishika waya wa umeme mkononi. Nikasimama. Nikauweka chini.

"Mama," nikasema, "isalimie."

Ngalula akaketi. Akaondoa kitambaa cheupe, akakikunja, akakiweka mapajani. Nikamwonyesha vidole viwili. Akashika gurudumu, akafumba macho, akageuza. Alasiri ilikuwa ya njano, mwanga wa vumbi unaingia kwenye pazia, na mi nilitazama uso wake kama nilivyokuwa natazama sindano za vipimo mgodini. Akageuza mzunguko mzima. Akageuza wa pili, na mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Inasemaka nini?" nikauliza.

"Haiseme kitu, Tata. Iko natembea sawa mutu mwenye kuota."

Nikaunganisha umeme. Akagusa pedali kwa mguu wa kushoto, kidogo, kidogo mno, na sindano ikashuka. Ikaingia kitambaani, ikatoka, ikapanda. Ikashuka tena pale alipoitaka. Akaipeleka kwenye kona ya kola, tundu kwa tundu, uzi mwekundu ukamfuata vidole kama mbwa wa nyumbani. Sauti haikuwa tena ile ya kra-ta-ta. Ilikuwa ndogo zaidi, kama mtu anayeimba mdomo umefungwa. Alishona kola sita kabla ya jua kuzama, na mimi, nawaambia bila haya, katikati ya kola ya tatu nilikuwa nimelala kwenye kiti changu cha mkeka.

Kola ya thelathini kitambaa kilipunguka, kwa sababu ile ya kwanza, ile ramani, ilikuwa imekula kipande. Ngalula akachukua kile kitambaa cheupe cha kufunikia, akakitandaza mezani, akakikata mshazari.

Siku ya Pentekoste korali iliingia. Thelathini, kola thelathini, mistari miwili miwili, hakuna hata uzi uliotoka njiani. Mama Charlotte mbele, na mi nilijua, sisi wawili tu tulijua, kwamba iliyomzunguka shingoni ilikuwa ile ya kitambaa cha maiti. Baada ya misa akaja uwanjani, watu wamemzunguka, anashika kola yake kwa vidole.

"Tata Bobine! Sasa utatuambia. Ulifanya nini na ile mota mupaka ikatulia hivi?"

Watu wote wakanigeukia. Wanangu, mnanijua. Nilikuwa na habari ya saa nzima kinywani, na Tata Kalenga ndani yake, na kigawe kidogo cha shirika, na soko la Manika. Ilinijaa mpaka meno yakauma.

Nikamtazama Ngalula.

Akaegemea mkongojo wake, akachukua muda wake wote.

"Ni marinda tu," akasema.